Mdomo wa Kuazima

"Widline, vua sare. Leo huendi shule."

"Mama, leo tuna mtihani wa hesabu."

"Mtihani utakungoja. Kliniki haingoji."

Widline alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alivua sare, akaikunja vizuri, akavaa gauni la nyumbani. Hakubisha tena. Alikuwa amezoea. Wiki iliyopita alikosa masomo kwa sababu bomba la maji lilipasuka, na fundi aliyekuja hakujua hata neno moja la Kikrioli, lugha yao ya nyumbani. Wiki ya kabla yake alikosa kwa sababu ya kibali cha ukaaji cha baba yake. Mahali popote palipokuwa na meza na mtu mwenye kalamu, Widline alisimama katikati, akageuza maneno ya mtu huyu kumpa yule.

Walikuwa wametoka Hinche, Haiti, miaka minne iliyopita. Sasa walikaa Chile, kusini mwa Santiago, kwenye mashamba ya cheri. Baba, Frisnel, alifanya kazi ya ujenzi. Kwa Kihispania alijua maneno ya kazi tu: lete, inua, saruji, haraka. Mama, Anelva, alichambua matunda kiwandani. Yeye alijua maneno mawili: ndiyo na asante.

Maneno hayo aliyatumia kwa kila mtu. Kwao Hinche, mkubwa akisema nawe, unainamisha macho, unatikisa kichwa, unasema ndiyo. Hiyo ndiyo adabu. Kumwambia daktari "sijaelewa" ni kama kumwambia hajui kusema. Basi Anelva alitikisa kichwa, kisha akamgeukia binti yake na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Anasemaje?"

Kwenye ua wao palikuwa na vyumba sita na bomba moja. Chumba cha mwisho alikaa Odanie, Mhaiti mwenzao, mwenye miaka hamsini na kitu. Aliuza pilipili na ndizi kwenye soko la wazi. Odanie alibishana bei kwa Kihispania mpaka Wachile wenyewe wakamkimbia.

"Anelva," alisema asubuhi ile, akimtazama Widline akifunga viatu, "mtoto huyu umemgeuza mdomo wako. Na mdomo ulio nao una kazi gani? Kula tu?"

"Shoga, kichwa changu kimeshakomaa. Lugha ni ya watoto. Kanisani wakifungua darasa tena, nitakwenda."

"Darasa la kanisani limefunguliwa mara mbili na kufungwa mara mbili. Unangoja nini? Malaika akushukie na ubao na chaki?"

"Una ulimi mkali kama hizo pilipili zako!"

"Ndiyo maana zinanunuliwa."

Walicheka wote wawili. Widline hakucheka. Alikuwa anafikiria mtihani wa hesabu.

Mwishoni mwa Novemba miguu ya Frisnel ilivimba. Alikuwa ameuficha ugonjwa kwa muda mrefu, kama wanaume wengi wanavyoficha. Siku moja alianguka kazini, wakampeleka hospitali. Kila jioni, Anelva akitoka kiwandani, alipita kumwona. Alikaa na Widline kwenye viti vya plastiki ukumbini, wakingoja waruhusiwe kuingia. Kwenye ukuta nyuma ya vichwa vyao palibandikwa tangazo lenye herufi kubwa za buluu. Anelva hakuligeukia. Kuta zote za nchi hii zilijaa maandishi. Yalimhusu nini?

Jumapili daktari alitoka kuwaona. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Jina lake Daktari Iturra. Alianza kusema. Alisema polepole, akanyamaza, akasema tena. Anelva aliinamisha macho na kutikisa kichwa. Kisha akaona vidole vya Widline. Vilikuwa vinausokota upindo wa gauni, vinausokota mpaka uzi ukakatika.

"Anasemaje?"

Widline aliutazama uzi uliokatika.

"Wewe! Anasemaje?"

"Anasema... baba atakaa hapa siku chache. Wanampa dawa ya kupunguza maumivu."

"Maneno yote yale, ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama. Kihispania kina maneno mengi."

Daktari alimtazama Anelva, akamwuliza kitu. Anelva akajibu haraka, "Ndiyo, ndiyo. Asante." Daktari alionekana kushangaa kidogo. Akamgusa begani, akaenda zake.

Njiani kurudi nyumbani Widline alimshika mama yake mkono. Alikuwa hajaushika mkono huo tangu alipokuwa mdogo.

"Mama, kesho usiende kazini. Kaa na baba."

"Msimu wa cheri ni wiki nne tu. Nikikosa siku mbili nafasi yangu inachukuliwa."

"Basi tumpigie bibi simu Hinche. Azungumze na baba."

"Tumtie bibi yako wasiwasi bure? Tutampigia baba akitoka."

"Mama, kaa tu."

"Si umesema siku chache? Atatoka. Acha kulialia."

Anelva alikwenda kazini Jumatatu. Alikwenda Jumanne na Jumatano. Kila jioni alikaa kando ya kitanda saa moja tu, maana kesho yake ilikuwa ni kuamka alfajiri. Frisnel alisinzia. Mara mojamoja alifumbua macho, akatabasamu, akasinzia tena.

Alhamisi asubuhi Anelva alikuwa amesimama mbele ya mkanda wa mashine, mikono ndani ya glovu, cheri zikipita mbele yake kama mto mwekundu. Msimamizi akamgusa mgongoni. Alimvua glovu yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Frisnel alikuwa amekwisha kufa.

Odanie aliacha biashara yake, akaenda naye hospitali. Muuguzi aliwapa mfuko wenye nguo, viatu na simu. Akasema maneno kadhaa. Odanie akamwuliza arudie. Kisha akaufunga ule mfuko.

"Anasemaje?" Anelva akauliza.

"Tutazungumza nyumbani."

"Odanie, anasemaje?"

Odanie akauweka mfuko chini. "Anasema daktari alikwambia Jumapili. Alikwambia zimebaki siku chache. Alikwambia upige simu kwa jamaa zenu, Frisnel angali na sauti. Alikuuliza kama unataka kulala naye hapa. Ukasema ndiyo. Wakakutandikia kitanda, hukuja kulala." Akamshika mkono. "Anasema leo asubuhi Frisnel aliita kitu. Aliita mara nyingi. Hapakuwa na mtu wa kumwelewa. Hawajui kama lilikuwa jina la mtu au alitaka maji."

Anelva alitoka nje. Widline alikuwa amekaa kwenye ngazi, magoti pamoja. Aliinua uso.

"Ulijua," Anelva akasema. "Ulijua, ukanyamaza. Umemuua baba yako mara ya pili."

Widline alifungua mdomo. Akaufunga. Tangu siku ile hakukigeuza tena Kihispania kuwa Kikrioli, wala Kikrioli kuwa Kihispania.

Siku ya kwanza ya Januari kila nyumba ya Mhaiti hupika supu ya boga, nao wakapika. Anelva alipakua sahani tatu kwa mazoea, kisha akairudisha moja sufuriani. Mama yake Frisnel alipiga simu kutoka Hinche. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Ulikuwa naye siku kumi na moja. Mimi ulininyima hata dakika moja. Nikusalimie heri ya mwaka mpya? Nakusalimia, mwanamke."

Simu ikakatika.

Machi shule zilifunguliwa. Widline alikwenda na kurudi. Alifua, alipiga pasi, alifagia. Akiulizwa, alijibu "ndiyo, mama" au "hapana, mama". Barua zilianza kuja kutoka shuleni. Ya kwanza Anelva alimpa binti yake asome. Widline aliitazama, akaiweka mezani, akaenda kulala. Ya pili na ya tatu Anelva alizitia kwenye kopo la biskuti. Ya nne ilipokuja, akalichukua kopo zima, akaenda nalo chumbani kwa Odanie.

Odanie alivaa miwani. Alisoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Zinasema neno lilelile. Mtoto hasemi darasani. Hajibu, hasomi kwa sauti, hachezi. Wanakuita tangu mwezi uliopita. Hujatokea. Wanauliza kama mtoto huyu ana mzazi."

Anelva aliketi juu ya gunia la ndizi.

"Nilimwambia neno baya, Odanie."

"Nililisikia. Na hospitali nzima ililisikia."

"Nifanye nini?"

"Mimi sijui ya mtoto. Lakini najua hili: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tangu miaka ile ulimtwika mwanao ukaona mwepesi, kwa sababu haukuwa kichwani mwako. Utue. Jifunze kusema."

Wiki ileile Anelva alinunua kitabu cha Kihispania. Kilikuwa kitabu cha watoto, chenye picha. Akajifunza kama masista walivyowafundisha shuleni Hinche. Unasimama wima, mikono nyuma, unatembea hatua kumi kwenda na hatua kumi kurudi, unasoma ukurasa kwa sauti mpaka utoke kichwani bila kuangalia. Mwalimu anakagua. Ukikosea neno moja, fimbo. Usipokosea, wewe ni msomi. Kila Mhaiti aliyepita shule anajua kusoma namna hiyo, maana masomo yao yote yalikuwa kwa Kifaransa, na walikihifadhi Kifaransa kurasa kwa kurasa kabla hawajakielewa.

Basi kila alfajiri ua uliamka kwa sauti yake. "Hii ni nyumba ya Pedro. Nyumba ya Pedro ina madirisha manne. Mbwa wa Pedro ni mweupe." Mwezi wa kwanza alimaliza kurasa ishirini. Mwezi wa pili akafika ukurasa wa arobaini. Hakukosea hata neno moja. Mwenye nyumba, mzee wa Kichile, alimpigia makofi dirishani.

Mwishoni mwa Mei Anelva alivaa gauni lake la kanisani, akaenda hospitali peke yake. Hakumwambia mtu. Alitaka kumwona Daktari Iturra. Alitaka kuyasikia, kwa masikio yake, maneno aliyoyasikia mwanawe.

Dada wa mapokezi aliinua kichwa, akamwuliza swali fupi.

Anelva alitafuta kichwani. Alipita ukurasa wa kwanza, wa kumi, wa thelathini. Swali hilo halikuwamo. Nyuma yake foleni ilisogea. Dada akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Anelva alisimama wima. Mikono yake ilikwenda nyuma yenyewe. Akasikia sauti yake inasema:

"Hii ni nyumba ya Pedro. Nyumba ya Pedro ina madirisha manne."

Mtu mmoja kwenye foleni akaguna. Halafu wakacheka, hata mgonjwa mwenye mkono uliofungwa. Dada wa mapokezi hakucheka. Alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko kicheko.

Alirudi kwa miguu. Odanie alimkuta ameketi kando ya bomba, kitabu kimelowa miguuni.

"Nimekwisha jifunza," Anelva akasema. "Kurasa arobaini. Nimekwisha jifunza, na sijui kitu."

Odanie hakumtania siku ile. Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa.

"Hukujifunza, dada yangu. Ulihifadhi. Nani amekufundisha kuchambua cheri?"

"Msimamizi alinionyesha siku moja. Mengine niliyaona mwenyewe."

"Uliyaonaje?"

Anelva alifuta uso. "Siku ya kwanza cheri zilipita kama maji. Sikuona kitu. Nikajisemea, leo natafuta zilizopasuka tu. Nyingine zipite. Kesho yake nikatafuta zisizo na vikonyo. Wiki ikiisha, mkono ulikuwa unaona kabla ya jicho."

"Umejijibu. Nani alikupangia leo hiki, kesho kile?"

"Mimi."

"Nani alijua umekosea?"

"Mimi. Niliangalia sanduku langu."

"Basi Kihispania ni mkanda uleule. Kinapita mbele yako kutwa, basini, dukani, kazini. Unakiacha kipite chote kwa sababu hakuna mwalimu. Mwalimu anasaidia, sisemi hapana. Darasa likifunguliwa, nenda mbio. Lakini hata ukimpata wa dhahabu, hawezi kukufungulia masikio. Sasa niambie. Lugha hii unaitakia nini? Usiniambie 'nijue'. Nataka kitu chenye jina."

Anelva alikiokota kitabu, akakikung'uta maji.

"Nataka kumwomba daktari ayarudie yale maneno. Niyaelewe. Na nataka kwenda shuleni kwa Widline, niongee na mwalimu wake bila Widline kuwapo."

"Hayo ni mawili. Yanatosha. Sentensi yako ya kwanza ni hii: 'Sijaelewa. Tafadhali sema tena, polepole.' Jifunze hiyo kabla ya 'habari za asubuhi'."

"Nimwambie mkubwa sijaelewa? Si utovu wa adabu?"

"Anelva." Odanie alimshika kidevu. "Adabu yako imekula nyumba yako. Ukisema ndiyo kwa neno usilolijua, unamdanganya mtu. Adabu ni kusema kweli."

Akamweleza namna yeye alivyojifunza, miaka ile alipokuwa hana mtu. Alikuwa na daftari dogo kifuani, ndani ya sidiria, pamoja na chenji. Kila asubuhi aliwaza: leo nitakwenda wapi, nitahitaji kusema nini? Aliandika sentensi tano tu, kwa herufi alizozijua, namna masikio yake yalivyosikia. Hakuzikariri chumbani peke yake. Alizipeleka kwa watu. Mtu akijibu, alisikiliza jibu. Neno jipya aliliuliza: hili maana yake nini? Alifika nyumbani akafunika ukurasa kwa kiganja, akajaribu kuzikumbuka. Zilizomtoka aliziandika tena kwa ajili ya kesho. Jumapili alijihukumu mwenyewe: wiki hii nimeweza nini ambacho wiki iliyopita sikuweza?

"Na wakikucheka?"

"Watakucheka. Kwani leo hawajakucheka? Umekufa?"

Anelva akaanza upya. Siku ya kwanza alikwenda dukani, akaomba mkate na parachichi mbili, akangoja jibu badala ya kukimbia. Muuzaji alisema kitu. "Sijaelewa. Tafadhali sema tena, polepole." Muuzaji akasema tena: parachichi hizi ni ngumu, ngoja mpaka kesho. Anelva alielewa neno la mwisho tu. Likatosha. Alilibeba mpaka nyumbani kama yai.

Kiwandani ulikuwa msimu wa matufaha. Aliacha kukaa na Wahaiti wenzake wakati wa chakula. Siku mbili kwa wiki alikaa meza ya Wachile. Mwezi wa kwanza alikula na kusikiliza tu. Mwezi wa pili aliuliza. Walimtania: "Anelva leo ana maswali mengi kuliko polisi!" Alicheka nao, akaliandika na neno la polisi. Basini alisikiliza watu wakigombana na dereva. Alijirekodi kwenye simu ya Frisnel, akajisikiliza, akaona aibu, akajirekodi tena. Kuna Jumapili alizojihukumu akajikuta na hatia: wiki nzima hakuthubutu kitu. Hakujipiga. Aliandika tano nyingine.

Widline aliyaona haya yote kutoka kitandani kwake.

Katikati ya Septemba Anelva alirudi hospitali. Dada wa mapokezi alikuwa yuleyule.

"Unamtafuta nani?"

Kumbe swali lilikuwa hilo tu.

"Namtafuta Daktari Iturra. Mimi si mgonjwa. Nataka kuzungumza naye. Nitangoja."

Aliketi kwenye kiti kilekile cha plastiki. Alingoja saa nzima. Ndipo alipogeuza kichwa, akaliona lile tangazo lenye herufi za buluu. Alilisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

*Hospitali hii ina mkalimani wa Kikrioli, Jumanne na Alhamisi. Ni haki yako. Uliza mapokezi.*

Siku kumi na moja walikuwa wameligeuzia mgongo. Na hata huyo aliyeliandika, alikuwa ameliandika kwa Kihispania.

Daktari Iturra alimkumbuka. Walisimama karibu na dirisha. Sentensi zake Anelva alikuwa nazo kifuani, lakini hakuhitaji kulitoa daftari.

"Daktari, mume wangu alikufa hapa Desemba. Siku ile uliniambia maneno. Mimi sikuelewa. Mtoto wangu alielewa. Naomba uyarudie. Polepole."

"Bibi, nilikuuliza kama umeelewa."

"Nilisema ndiyo. Haikuwa kweli."

Daktari alitazama viatu vyake. "Nami niliipokea ndiyo yako kwa sababu ilikuwa Jumapili, sikuwa na mkalimani, na wagonjwa walikuwa wengi. Sikupaswa kusema maneno yale kupitia mtoto."

"Yaseme kwangu."

Akayasema. Figo zimekwisha, na moyo umechoka. Hatuna dawa ya kumponya. Tutapunguza maumivu tu. Zimebaki siku chache, huenda hazifiki wiki.

"Neno hilo sijaelewa. Sema tena."

Huenda hazifiki wiki. Kama ana mama au ndugu walio mbali, wapigieni sasa, angali na sauti. Wewe unaweza kulala hapa, usiku na mchana. Hapaswi kufa peke yake.

Anelva aliyaelewa yote. Lilikuwa jambo la kwanza refu aliloelewa kwa lugha ile, na lilikuwa hilo. Aliyapima maneno yale moja moja. Yalimwelemea yeye, mwanamke wa miaka thelathini na minane aliyekwisha zika mume. Jumapili ile yalikuwa yamewekwa mikononi mwa mtoto aliyesimama, mwenye gauni lililotoka nyuzi.

Nyumbani alimkuta Widline anapiga pasi sare. Akazima pasi.

"Nimetoka hospitali. Nimezungumza na daktari. Mwenyewe."

Mkono wa Widline ulibaki juu ya kitambaa.

"Ameniambia yote aliyokwambia. Figo. Moyo. Siku chache. Bibi apigiwe simu. Nimeyasikia, Widline. Nimeyaelewa."

Mtoto akaikunja sare, akaikunjua, akaikunja tena.

"Yalikuwa maneno yangu. Mimi ndiye niliyepaswa kuyasikia. Nilikutuma ukanibebee. Hukumuua baba. Niliyesema hivyo ni mimi, na nilisema uongo mkubwa kuliko ule wako. Nisamehe, mwanangu."

Kisha Widline alisema, kwa Kikrioli, akitazama sare:

"Nilitaka kukwambia. Neno la kufa nililijua. Lakini halikutoka." Akajifuta pua. "Na lile tangazo la ukutani nililisoma, mama. La mkalimani. Nilidhani mkalimani wanayemsema ni mimi."

Anelva alimvuta kifuani. Kikatoka kile kilio kilichongoja tangu Desemba.

Jioni alipiga simu Hinche. Alimwambia mama mkwe kila kitu, na kwamba kosa halikuwa la mtoto bali lake. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. "Nimekusikia," alisema. "Sijakusamehe." Akakata simu. Anelva hakushangaa. Maneno mengine ukichelewa kuyasema, hata ukiyasema vizuri namna gani, yanakuta mlango umefungwa.

Kesho yake alikwenda shuleni. Mwalimu wa Widline alisema haraka, Anelva akamsimamisha mara nne. Walikubaliana mambo mawili: mtoto asilazimishwe kusoma kwa sauti mpaka atakapotaka mwenyewe, na asitolewe tena darasani kwenda kukalimani. La pili alilisema Anelva, bila daftari.

Oktoba ikaja barua nyingine. Widline aliipokea mlangoni. Kwa mazoea akaichana bahasha, akaikunjua, akaanza kuisoma.

"Lete hapa," Anelva akasema. "Hiyo ni yangu. Nenda kacheze."

Widline alisimama mlangoni. Mikono yake ilikuwa mitupu, na hakujua aipeleke wapi. Halafu akatoka.

Anelva aliketi mezani na barua yake. Maneno mawili hakuyajua. Aliyaandika kwenye daftari, kwa ajili ya kesho. Uani watoto walikuwa wanacheza mpira, wakigombana kwa Kihispania. Katikati ya kelele akasikia sauti moja ikipanda juu ya nyingine zote, sauti ambayo hakuwa ameisikia ikipazwa tangu Desemba.

"Hapana! Ninyi mmecheza mara mbili! Sasa ni zamu yangu!"

Anelva alilielewa kila neno. Aligeuka upande wa kitanda amwambie Frisnel, kisha akakumbuka. Akashika kalamu, akaendelea kusoma.